Uwiano wa Hewa kwa Petroli: Kihisi cha Mawanda Mapana na Istilahi Zake

IKISIRI

Makala haya yanafafanua jinsi kihisi oksijeni cha mawanda mapana kinavyotumiwa kupima mchanganyiko wa hewa na petroli katika injini ya gari la mwendo wa kasi. Sambamba na hilo, yanachunguza istilahi ambazo fundi na mwanafunzi wa Kiswahili wanazihitaji ili waelewane kuhusu kazi hiyo. Hoja yetu ni kwamba katika uwanja huu istilahi isiyo sahihi inaweza kumwelekeza fundi kufanya kinyume cha kile ambacho injini inahitaji, na gharama yake ni injini nzima. Mifano imejengwa juu ya mazingira ya Kaunti ya Kajiado, mahali ambapo mwinuko wa ardhi ni sehemu ya tatizo lenyewe.

1.0 Utangulizi

Anayetoka Laiser Hill, upande wa Ongata Rongai, akaelekea Kitengela na hatimaye akaifuata barabara ya Namanga hadi mji wa Kajiado, hakosi kupita gereji kadhaa njiani. Humo mna magari yaliyoagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na miongoni mwake mna Subaru zenye turbo ambazo wenyewe hawaridhiki na nguvu zilizotoka nazo kiwandani. Mazungumzo ya gereji huendeshwa kwa Kiswahili. Fundi hutaja plagi, gasketi, silinda, pistoni, kabureta na ekzosi bila kusita, na hakuna anayemwomba atafsiri. Maneno hayo yaliingia kwa njia ya kazi, yakavishwa sauti za Kiswahili, yakakaa.

Hali hubadilika kifaa kipya kinapofungwa. Saa ndogo yenye namba kama 14.7 au 11.8 inapowekwa kwenye dashibodi, mazungumzo huhamia Kiingereza au husitasita katikati ya lugha mbili. Kiswahili ni lugha ya taifa na, kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ni lugha rasmi pia. Maadamu ndiyo lugha ambayo fundi hufikiria kwayo akiwa chini ya gari, ni haki yake kupata istilahi zitakazomwezesha kufikiri sawasawa. Tutaanza na uwiano wenyewe, kisha tutaangalia majina ya hali mbili za mchanganyiko, halafu kihisi, mwinuko na utaratibu wa upimaji.

2.0 Uwiano: 'na' au 'kwa'?

Petroli haiungui peke yake. Huungua pamoja na oksijeni iliyomo hewani. Ili kilo 1 ya petroli iungue yote pasipo kubakisha petroli wala oksijeni, huhitajika takriban kilo 14.7 za hewa. Huo ndio uwiano kamili, nao huandikwa 14.7:1. Izingatiwe kwamba kipimo ni cha uzito, si cha ujazo.

Katika mazungumzo ya kawaida tungesema 'uwiano wa hewa na petroli'. Kisarufi hakuna kosa. Hata hivyo, kiunganishi 'na' hakina mwelekeo: hewa na petroli ni sawa na petroli na hewa, kama vile Juma na Ali ni sawa na Ali na Juma. Uwiano, kwa upande wake, una mwelekeo. Kihusishi 'kwa' ndicho kinachoubeba: hewa kumi na nne nukta saba kwa petroli moja. Kwa sababu hiyo tunapendekeza 'uwiano wa hewa kwa petroli'.

Tofauti hiyo ina matokeo. Namba inayosomwa kwenye saa ni ya hewa. Namba ikipanda kutoka 12 hadi 15, hewa imeongezeka ikilinganishwa na petroli. Yaani, petroli imepungua. Asiyejua ni kipi kinachotajwa kwanza huweza kudhani kwamba namba imepanda kwa sababu petroli imeongezeka, naye akaipunguza. Atakuwa ameiongezea injini madhara kwa nia njema.

Kuna njia ya pili ya kutaja jambo hilo hilo, nayo ni lamda. Lamda hupatikana kwa kugawanya uwiano uliopimwa kwa uwiano kamili wa mafuta yanayotumika. Mchanganyiko wa 12.5 wa petroli, ukigawanywa kwa 14.7, hutoa lamda 0.85. Lamda 1 ni uwiano kamili. Chini ya 1 petroli imezidi. Juu ya 1 hewa imezidi. Faida ya lamda ni kwamba haibadiliki mafuta yanapobadilika. Uwiano kamili wa ethanoli ni takriban 9:1, na wa petroli iliyotiwa ethanoli asilimia 10 ni takriban 14.1:1, lakini lamda ya yote ni 1. Jambo hili si geni kwetu kihistoria, kwani katika miaka ya 1980 Kenya iliuza petroli iliyochanganywa na ethanoli iliyotengenezwa Muhoroni.

3.0 Mzito au hafifu?

Kabla ya vihisi, fundi aliujua mchanganyiko kwa kusoma plagi. Aliendesha gari, akalizima, akaifungua plagi na kuitazama ncha yake. Rangi ya kahawia isiyokolea ilimwambia kwamba mambo yako sawa. Masizi meusi yalimwambia petroli imezidi. Weupe wa majivu ulimwambia petroli ni haba na joto limepita kiasi. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, yalitegemea macho ya namna hiyo kwa miongo mingi. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa.

Hali hizo mbili, ya petroli kuzidi na ya petroli kupungua, zinahitaji majina mafupi. Lugha nyingine zimetumia sitiari mbalimbali. Wafaransa huuita mchanganyiko wa kwanza tajiri na wa pili maskini. Wajerumani huuita wa kwanza mnono na wa pili uliokonda. Kufuata sitiari hizo kwa Kiswahili hakuna faida, kwa kuwa 'mchanganyiko tajiri' hausemi umetajirika kwa nini: hewa au petroli?

Sitiari iliyo karibu nasi zaidi ni ya jikoni. Uji uliotiwa unga mwingi ni uji mzito. Uliotiwa unga kidogo ni uji mwepesi. Kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba uzito huo unatokana na unga, si na maji. Vivyo hivyo, 'mchanganyiko mzito' ni ule uliotiwa petroli nyingi. Kwa hali ya pili tungeweza kusema 'mchanganyiko mwepesi', lakini hapa pana hatari mbili. Kwanza, 'mwepesi' humaanisha pia -enye kasi, na mwenye gari la mbio hatasikia onyo lolote ndani ya neno hilo, atasikia sifa. Pili, tunasema pia 'hewa nyepesi' kwa maana ya hewa ya mahali palipoinuka, na mambo hayo mawili hayafanani. Tunapendekeza 'mchanganyiko hafifu', kwa sababu 'hafifu' ni neno linalobeba upungufu.

Onyo hilo linahitajika. Mchanganyiko mzito kupita kiasi huchafua plagi, hutoa moshi mweusi, hula mafuta na baada ya muda huosha oili kwenye kuta za silinda. Hasara yake huja taratibu. Mchanganyiko hafifu, injini inapofanya kazi ya nguvu zote, hupandisha joto ndani ya silinda kwa haraka. Petroli iliyozidi kidogo hupoza silinda. Ikikosekana, sehemu ya mchanganyiko ambayo haijafikiwa na moto wa plagi huweza kujilipukia yenyewe kwa joto na mgandamizo. Mlio wake ni kama wa kokoto zinazogonga bati. Pistoni huweza kutoboka kwa sekunde chache. Hatari hiyo huongezeka kwa magari yaliyotengenezewa petroli ya Japani ya daraja la juu, yenye oktani takriban 100, yanapotumia petroli ya kawaida ya vituo vyetu ambayo oktani yake iko chini ya hapo.

Hapa neno 'kunoki' linastahili kutajwa. Asili yake ni jina la mlio huo, lakini katika gereji za Kenya 'injini imenoki' humaanisha kwamba injini imekufa. Maana imehama kutoka kwenye dalili hadi kwenye kifo, kama inavyotokea mara nyingi katika ukopaji wa maneno. Hatuna sababu ya kumkosoa fundi kwa hilo. Tunachohitaji ni neno jingine kwa dalili, ili mtu aweze kuonya kabla ya kifo: injini 'inagonga' inapotoa mlio, 'imenoki' ikishaharibika. Injini inayogonga bado inaweza kuokolewa.

4.0 Kihisi kinapima nini?

Kihisi oksijeni kilianza kutumiwa katika magari ya kuuzwa kwa umma mwaka 1976, kampuni ya Bosch ilipokitengenezea magari ya Volvo yaliyopelekwa Marekani. Hufungwa kwenye ekzosi na hulinganisha oksijeni iliyomo ndani ya moshi na ile ya hewa ya nje. Kiini chake ni kauri ya oksidi ya zirkoni, ambayo ikipata joto hutoa volti kulingana na tofauti hiyo. Risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli iliviharibu vihisi hivi; kwa hiyo vilipata maisha ya kuaminika katika eneo letu baada ya nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuachana na petroli yenye risasi kufikia Januari 2006.

Kihisi cha aina hiyo ya kwanza tunakiita cha mawanda finyu. Mchanganyiko ukiwa mzito hutoa takriban volti 0.9, ukiwa hafifu hutoa takriban volti 0.1, na karibu na uwiano kamili huruka ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ni shahidi anayejua kujibu 'ndiyo' au 'la' tu. Anajua kwamba mchanganyiko ni mzito, lakini hajui kama ni 13 au 11. Kompyuta ya gari humsikiliza injini inapozunguka bila mzigo na gari linapokwenda kwa mwendo wa kawaida; dereva akikanyaga hadi mwisho, kompyuta nyingi huacha kumsikiliza na kufuata hesabu zilizohifadhiwa. Ndiyo maana kosa linaweza kujificha wakati gari linakwenda polepole, likajitokeza wakati wa kasi, pale ambapo madhara ni makubwa zaidi.

Kihisi cha mawanda mapana, kilichoenea kuanzia miaka ya 1990, kina chumba kidogo sana ambamo moshi huingia, pamoja na pampu ya umeme inayotoa au kuingiza oksijeni humo. Kidhibiti chake hujitahidi kukiweka chumba hicho katika uwiano kamili wakati wote. Mfano wake ni wa mtu aliyeambiwa aweke maji ya pipa kwenye alama moja: yakizidi huchota, yakipungua hujaza. Ukihesabu ndoo zake na kujua alikuwa akichota au akijaza, utajua hali ya maji yaliyokuwa yakiingia. Kwa kihisi, ndoo ni mkondo wa umeme wa pampu. Kutokana na mkondo huo kidhibiti hukokotoa lamda na kuonyesha namba.

Sasa tulitazame jina. Si ajabu kusikia kifaa hiki kikiitwa 'kipima mafuta'. Jina hilo ni jepesi ulimini, lakini si kweli. Kifaa hakijui petroli, kinajua oksijeni. Tuchukue mfano wa injini yenye silinda nne ambayo plagi moja haiwaki vizuri. Katika silinda hiyo petroli na hewa huingia na kutoka bila kuungua. Hewa ile hufika kwenye ekzosi ikiwa na oksijeni yake yote, na kihisi aghalabu huonyesha mchanganyiko hafifu. Fundi anayeamini kwamba ana kipima mafuta atasema, 'Mafuta ni kidogo,' naye ataongeza. Plagi itazidi kulowa, silinda itazidi kukosa moto, namba itabaki juu, naye ataongeza tena. Fundi anayejua kwamba ana kihisi oksijeni atauliza swali jingine: oksijeni hii imetoka wapi? Swali hilo litamfikisha kwenye plagi, au kwenye ufa wa ekzosi unaovuta hewa ya nje.

Vigezo vya uundaji istilahi vya PEGITOSCA, vilivyopendekezwa na Kiingi, hudai pamoja na mambo mengine usahihi, iktisadi na uangavu. 'Kipima mafuta' kina iktisadi na kinaonekana kuwa angavu, lakini uangavu wake unaonyesha kitu kisichokuwepo. Panapotokea mgongano wa vigezo katika istilahi za kazi yenye hatari, usahihi utangulie. Kuhusu neno 'sensa', linalosikika pia, ugumu wake ni kwamba Kiswahili tayari kinalo kwa maana ya kuhesabu watu. 'Kihisi' hakina mgongano huo, na hutokana na kitenzi kinachofahamika.

5.0 Kutoka Kitengela hadi Mombasa

Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto la kawaida, mita moja ya ujazo ya hewa ya huko ina uzito wa karibu kilo 1. Mombasa ina takriban kilo 1.17. Kwa hiyo kilo 1 ya petroli huhitaji karibu mita za ujazo 15 za hewa ya Kitengela, lakini takriban 12.5 tu za hewa ya Mombasa. Asilimia ya oksijeni hewani ni ile ile, takriban 21, kotekote. Kilichopungua juu ni hewa yenyewe.

Magari mengi ya kisasa hupima hewa inayoingia, au kanieneo yake, na kubadilisha petroli ipasavyo. Taabu huanzia kwenye magari yaliyobadilishwa. Baadhi ya mifumo ya mashindano hukadiria petroli kwa kutazama kasi ya injini na mkao wa kilango cha hewa pekee. Tuseme gari la namna hiyo limerekebishwa Kitengela likawa na 12.8 kwa nguvu zote, kisha likapelekwa Mombasa bila kuguswa. Petroli ni ile ile, hewa imeongezeka kwa takriban asilimia 17; uwiano utakuwa takriban 15. Mchanganyiko uliokuwa salama nyanda za juu umekuwa hafifu pwani. Kabureta hupata tatizo la aina hiyo hiyo kwa kiwango kidogo zaidi. Hata gari lenye kipima hewa halisalimiki ikiwa mwenyewe amebadilisha bomba la chujio la hewa, kwa kuwa kipimo kilisawazishwa kwa upana wa bomba la awali.

Ni vyema kukumbuka kwamba Safari Rally, iliyorejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 ikiwa na makao Naivasha, huendeshwa katika mwinuko mkubwa kuliko wa Kitengela. Kwa hiyo swali la hewa ya juu ni swali la nyumbani.

6.0 Kufunga kifaa na kusoma namba

(a) Kihisi kifungwe baada ya turbo, si kabla yake, kwa kuwa kanieneo na joto la kabla ya turbo hupotosha namba na kukifupishia maisha. Kifungwe kabla ya kisafisha moshi.

(b) Kielekee juu kwa mshazari, ili maji yanayojikusanya ndani ya ekzosi baridi yasiifikie kauri. Kauri yenye joto ikiguswa na maji hupasuka.

(c) Ekzosi ikaguliwe isiwe na ufa kabla ya kihisi. Hewa ya ufa huonekana kama mchanganyiko hafifu.

(d) Kihisi kina hita yake na hufanya kazi kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 700 za selsiasi. Kisiachwe ndani ya ekzosi ya injini inayofanya kazi huku umeme wake umekatwa, kwani masizi hukiziba.

(e) Namba isisomwe peke yake. Isomwe pamoja na kasi ya injini na mzigo, na ikumbukwe kwamba moshi huchukua muda kukifikia kihisi. Namba ya sasa ni habari ya punde iliyopita.

Kama viwango vya kuanzia, injini isiyo na mzigo au inayokwenda kwa mwendo wa kawaida huwa karibu na 14.7, injini isiyo na turbo kwa nguvu zote huwa kati ya 12.5 na 13.2; yenye turbo kwa nguvu zote huwa kati ya 11 na 12. Kila injini ina mahitaji yake, na upimaji wa nguvu zote ufanyiwe kwenye mashine ya kupimia nguvu au uwanja uliofungwa, si kwenye barabara ya Namanga yenye malori na wapita njia.

7.0 Istilahi zilizopendekezwa

Uwiano wa hewa kwa petroli: uzito wa hewa ukigawanywa kwa uzito wa petroli.
Uwiano kamili: ule usiobakisha petroli wala oksijeni, kwa petroli, 14.7:1.
Lamda: uwiano uliopimwa ukigawanywa kwa uwiano kamili.
Mchanganyiko mzito: wenye petroli iliyozidi, lamda chini ya 1.
Mchanganyiko hafifu: wenye petroli pungufu, lamda juu ya 1.
Kihisi oksijeni cha mawanda finyu: kinachotambua upande tu, mzito au hafifu.
Kihisi oksijeni cha mawanda mapana: kinachopima kiasi cha uzito au uhafifu.
Kugonga: mlio wa mchanganyiko unaojilipukia, ni dalili.
Kunoki: kuharibika kwa injini; ni matokeo.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba maneno manne ya kawaida, yaani 'kwa', 'hafifu', 'oksijeni' na 'kugonga', yana kazi halisi katika gereji. Tumeonyesha pia kwamba mafundi wamekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ya istilahi bila kutusubiri, na kwamba pale walipohamisha maana, kama katika 'kunoki', wajibu wetu ni kuelewa uhamisho huo kabla ya kuunda neno jipya. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilitupa msingi wa darasani. Kinachobaki ni msingi wa gereji.

Tunawahimiza wanafunzi wenzetu wasizipime istilahi hizi ukumbini pekee. Wazipeleke Kitengela, Rongai na Kajiado, wamkabidhi fundi saa inayosoma 15 huku injini ikifanya kazi ya nguvu zote, na wamwambie kwa Kiswahili kwamba mchanganyiko ni hafifu. Akiondoa mguu kwenye kanyagio bila kuuliza maana yake, istilahi imefaulu. Akiuliza, turudi mezani.